Kiganja cha Baba Njoroge

Nilisikia tone kabla ya kuona chochote. Mlango ulikuwa wazi, ukungu ulikuwa umeingia ndani ya nyumba kabla yangu, na nilipovuka kizingiti na sanduku langu la bati mkononi sikuona meza wala kiti wala mtu. Niliona weupe tu. Lakini nilisikia: to, halafu kimya, halafu to, maji yakianguka ndani ya debe lililokuwa na maji tayari, mlio mzito wa chini, kama mtu anayejigonga kifua kwa kidole. Sauti ya mwanamke ikatoka humo kwenye weupe: “Karibu. Usije ukalipiga teke hilo debe.” Nikauliza kama nifunge mlango. “Wa nini?” akasema. “Ndani na nje ni kitu kimoja.”

Nani alinipeleka huko juu ya Molo nikiwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimemwacha nani nyumbani, hayo nayapita. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nangoja nafasi ya chuo, kwamba shule ya msingi iliyopakana na mashamba ya viazi ilikuwa na darasa la tatu lisilo na mwalimu, na kwamba Mwalimu Tabitha, mjane aliyestaafu katika shule hiyo hiyo, alikuwa na chumba cha ziada. Nilikaa kwake kuanzia mwezi wa nne, mvua ndefu zilipoanza, mpaka mwezi wa kwanza uliofuata. Haikufika hata mwaka mzima. Lakini nauita mwaka, mwaka wangu wa Molo, kwa sababu miaka mingine yote naikumbuka kwa mambo niliyoyafanya, na huo peke yake naukumbuka kwa harufu: sufu iliyolowa, maziwa yaliyofurika jikoni, masizi.

Wiki tatu zilizopita Njoroge, mwanawe wa pekee, alinipigia simu. Tulikuwa tumeshamzika Mwalimu, naye alikuwa amebaki kule juu akitoa vitu ndani ya nyumba. “Nyambura, wewe uliishi na mathe,” akasema. “Hapa juu ya mahali pa moto kuna kipande cha simiti. Amekifunga na kitambaa chake cha kichwa, kile cha kanisani. Ni nini hii? Nitupe?” Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Nakuru, ghorofa ya pili, saa saba mchana, jua likiwaka juu ya mabati ya mji mzima, na baridi ya Molo ikanipanda kutoka kwenye vidole vya miguu. Nikamwambia asitupe. Nikamwambia afungue kitambaa, akigeuze kile kipande, aweke mkono wake juu yake. Nilisikia kuku nje ya nyumba ile, mbali, ndani ya simu.

Nyumba ilikuwa imejengwa na mzungu ambaye hata jina lake hakuna aliyelikumbuka. Mawe ya kuchonga, sakafu ya mbao za mtarakwa, paa la mabati lililopakwa rangi nyekundu mara moja na kusahauliwa. Sebuleni kulikuwa na mahali pa moto pakubwa kiasi cha ndama kulala, na juu yake rafu ya mawe, na juu ya rafu ukuta ulioinuka mpaka darini na kutokea nje kama shingo. Shuleni tulifundishwa kuiita dohani. Huko juu kila mtu aliiita chimni, na mimi nitaiita hivyo hivyo. Maji yalikuwa yakiingia pale chimni ilipotoboa mabati. Yalifuata boriti, yakaloanisha ukuta kwa doa la rangi ya chai, kisha yakaanguka mbele ya moto, au mbele ya mahali ambapo moto ungekuwa, kwa maana hakuna aliyewasha moto wa kuni pale. Kuni zililoa kabla hazijashika; siku za baridi kali tu Mwalimu alitia humo jiko la makaa. Mwalimu alikuwa na kiti kimoja alichokipenda, cha mikono mipana, na kila mvua ilipozidi alikisogeza nyuma hatua moja. Nilipofika kilikuwa katikati ya chumba. Mwezi wa tano ulipoanza kilikuwa kimeegemea mlango wa jikoni, na yeye amekaa humo na koti, na blanketi juu ya koti, akisahihisha madaftari ya darasa langu bila kuombwa.

Tulikula viazi. Viazi vya kuchemsha na chumvi, viazi na kabeji, viazi vilivyopondwa na mahindi na majani ya maboga mpaka chakula chote kikawa kijani, na Jumapili viazi na njahi, yale maharage meusi. Nimekula vyakula vingi vizuri tangu hapo na hakuna kilichonipasha moto kama kiazi nilichokishika kwa mikono miwili kabla ya kukimenya, nikingoja vidole virudi. Mwalimu alikula polepole, akizungumza na debe. Tone likianguka katikati ya sentensi yake alinyamaza, akalipisha, akaendelea.

Njoroge alikuja Jumapili moja moja kutoka Nakuru, alikofanya kazi ofisini. Alikuwa kijana mwenye viatu safi, na jambo la kwanza alilofanya kila mara lilikuwa kutazama juu. Nakumbuka Jumapili moja nilikuwa nje nikichambua njahi chini ya dirisha la jikoni, nao wako ndani.

“Mami, hii nyumba itakuua.”

“Babako aliishi humu miaka ishirini. Ilimuua?”

“Alikuwa na nguvu. Wewe unakohoa tangu Pasaka. Nisikize: mwezi wa saba ukifika kama bado inavuja, nakuja na gari, unahamia kwangu. Nimeshasafisha chumba.”

“Nakuru nikafanye nini? Nikae gorofa ya tatu nitazame watu vichwa?”

“Ukae mahali pakavu, Mami. Hicho tu.”

Nikasikia sufuria ikiwekwa kwa nguvu isiyohitajika. “Njahi ya huyo msichana itaota kabla haijaiva,” Mwalimu akasema kwa sauti kubwa, nami nikajua kwamba alijua nasikiliza. Lakini baadaye, Njoroge alipoondoka, nilimkuta amesimama mbele ya mahali pa moto, mkono juu ya rafu ya mawe, kama mtu aliyesindikiza mgeni mpaka stendi na bado hajageuka kurudi. Hapo ndipo nilipoelewa. Kama angeondoka hapo mwezi wa saba asingerudi, na alikuwa na wiki saba.

Mbona hakuita fundi? Fundi alikuwepo, tena hatua mia mbili tu, ng'ambo ya ua wa misonobari. Kirui alikuwa mwashi aliyejenga matangi na madarasa ya eneo lote lile. Lakini miaka tisa kabla ya mimi kufika, muda mfupi baada ya mazishi ya mumewe Mwalimu, Kirui alikuja kutoa pole, akatazama juu, akasema ukweli bila kuupasha moto kwanza. Alisema marehemu alikosea. Alisema simiti aliyoipaka pale chimni inapokutana na mabati haitadumu, kwamba ni lazima ipasuliwe yote. Mwalimu alimwekea chai, akangoja anywe, kisha akamwambia asikanyage tena kwake. Simiti ile ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya Baba Njoroge kwa mikono yake. Aliipaka Jumamosi; Jumanne moyo wake ulisimama akiwa shambani. Mwalimu alinieleza haya mara moja tu, akimenya kiazi. “Alishuka na kiganja kimeungua na simiti,” akasema. “Nikampaka mafuta ya ng'ombe. Ndiyo mara ya mwisho nilimshika akiwa na uchungu wa kawaida.”

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani kila tatizo ni tatizo kwa sababu mimi sijaligusa. Nilitazama mahali pa moto, nikaona giza linapanda juu, nikaamua kwamba mvua inaanguka ndani ya mdomo wa chimni kama inavyoanguka ndani ya kisima. Sikuwa mpumbavu kuliko wengine. Nyumba nyingi za aina ile huko juu zilikuwa na chimni zilizozibwa, kwa matambara, kwa majani makavu, kuzuia upepo na ndege. Kwa hiyo Jumapili moja mwishoni mwa mwezi wa tano, Mwalimu akiwa kanisani, nilichukua gunia tupu la viazi, nikalikunja, nikajipenyeza ndani ya mahali pa moto, nikalisukuma juu kwa mpini wa jembe mpaka likakwama kwenye koo la chimni. Nikaosha uso. Siku mbili zilizofuata mvua ilipungua, debe likanyamaza, nami nikatembea ndani ya nyumba ile kama mtu aliyejenga daraja. Sikumwambia. Nilitaka agundue mwenyewe. Nilitaka aniulize, “Nyambura, ni wewe?”

Jumatano mvua ilirudi na upepo. Nilitoka shuleni saa tisa na nusu, nguo zimeshikamana na ngozi, na nilipopanda ngazi za veranda nikauona mlango umefungwa. Tangu nifike pale sikuwa nimewahi kuukuta mlango ule umefungwa mchana. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani nyumba imepata joto. Nikafungua. Ndani kulikuwa na joto kweli, joto zito, tamu, na kule ndani ya mahali pa moto jiko la makaa lilikuwa limekaa jekundu, jinsi alivyokuwa akilitia hapo siku za baridi kali, kwa kuwa chimni ingevuta hewa yake. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele. Mwalimu alikuwa amelala ndani yake mdomo wazi, daftari la mtoto kifuani, uso wake mwekundu kidogo, mzuri, kama wa mtu aliyetoka kuoga. Nilimwita. Nilimwita tena. Nikamtikisa, kichwa kikaenda upande.

Sikumbuki nilivyomtoa. Nakumbuka visigino vyake vikigonga mbao za sakafu, kiatu kimoja kikibaki nyuma, na kwamba nilipiga kelele bila kutumia neno lolote. Kirui alikuja kupitia ua wenyewe, akivunja matawi. Alinikuta verandani na kichwa cha Mwalimu mapajani mwangu, mvua ikitupiga sote wawili. Alifunga pua kwa kofia yake, akaingia, akafungua madirisha, akalitoa lile jiko mpaka uani na kulimwaga kwenye tope, kisha nikamwona amepiga magoti mbele ya mahali pa moto akitazama juu. Alipotoka Mwalimu alikuwa ametapika, na kuomba maji, na kusema kwamba kichwa chake kinapasuka.

“Makaa hayana moshi,” Kirui akasema, hakusema na mtu. “Ndio ubaya yake. Kuni itakukohoza utoke nje. Makaa inakubembeleza ulale.” Kisha akanitazama. “Nani ameziba hiyo koo?”

Nilifungua mdomo. Mwalimu, akiwa amefumba macho, akasema, “Sisi tunazungumza na wewe tangu lini, Kirui?”

“Tangu leo, Mwalimu.”

“Basi niitie gari.”

Alilala zahanati usiku mmoja. Njoroge alifika asubuhi, koti limevaliwa ndani nje, na akauliza swali lile lile la Kirui, akiwa amesimama miguuni pa kitanda. Gunia walikuwa wamelitoa. Kila mtu alikuwa ameliona. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Mwalimu akasema, “Ni mimi. Niliziba kwa sababu ya upepo, halafu nikasahau.” Njoroge akaketi ukingoni mwa kitanda, akaweka uso wake ndani ya mikono yake. “Umeanza kusahau, Mami,” akasema. “Sasa umeona?” Nami sikusema kitu. Uji ulipoa mkononi mwangu. Nimefundisha watoto miaka mingi sasa, nimewaambia mamia yao wasimame na kusema kweli, na kila mara ninaposema hivyo naona ule ukoko mwembamba unavyotanda juu ya uji.

Aliporudi nyumbani nilimwambia. Ilikuwa jioni mapema, tukiwa jikoni, chai bado haijachemka. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba, na nikaweza kusema neno moja tu, “Gunia,” kisha nikalia. Mwalimu akakoroga chai.

“Gunia halipandi chimni lenyewe,” akasema. “Na haya magoti yangu hayainami hivyo. Ulifikiri sikujua?”

“Mbona ukasema ni wewe?”

“Angekufukuza. Halafu angeniuliza nitakaa na nani.” Akanimiminia. “Usinishukuru. Nilijisaidia mimi. Lakini siku moja utamwambia mwenyewe, ukiwa mkubwa, si kwa sababu yangu. Sasa kunywa, halafu nenda umwite Kirui. Mwambie aje na patasi.”

Nikamtazama. Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wake wa kushoto, akikikanda kiganja kwa kidole gumba.

“Nikienda Nakuru, simiti nitaiacha na nyumba nitaiacha,” akasema. “Baba Njoroge hakupanda huko juu ili mimi nikaishi gorofani.”

Kirui hakukimbilia paa. Alikaa siku nne akitazama mbingu kutoka kwake, na tulipomlalamikia akasema mabati yenye kuvu ikilowa ni sabuni, na kwamba yeye ana mke mmoja tu ambaye hajamaliza kugombana naye. Siku ya tano jua lilitoka. Siku ya sita likatoka tena, ndipo akaja. Kwanza aliuliza kama kumewashwa chochote ndani, hata jiko, tukasema hapana, akaingia mwenyewe kuhakikisha. Ngazi ndefu aliifunga juu na chini, asiitegemee ardhi yenye tope. Ngazi ya pili, aliyoipigilia ndoano za chuma, aliilaza juu ya mabati ikakumbatia kilele cha paa, ili asikanyage bati bali vipago vya ngazi. Kisha akajifunga kamba kiunoni, akairusha ng'ambo ya pili ya nyumba, akaifunga kwenye mtarakwa uliokuwa upande ule, na akaniweka hapo.

“Kazi yako ni moja,” akasema. “Angalia hiyo fundo. Usiangalie mimi.”

“Na nikiona inalegea?”

“Piga kelele. Najua unaweza.”

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ile niliisikia tu. Nilisikia akiteremsha ndani ya chimni tawi la miiba lililofungwa jiwe, akilivuta juu na chini, masizi yakianguka kama mchanga. Nilisikia akiongea kutoka juu, akimweleza Mwalimu aliyekuwa amesimama uani na shuka mabegani, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akamweleza taratibu. Mabati ni kitu hai, alisema. Jua likiwaka inanyooka, baridi ikija inajikunja, kila siku ya Mungu. Jiwe halisongi. Simiti imeshikwa katikati ya hao wawili, mmoja anavuta, mwingine amekataa, lazima ipasuke. “Si kwamba mzee alipaka vibaya. Alipaka vizuri sana. Hata mimi singeweza kupaka laini hivi. Ni mahali tu haikustahili simiti.”

Kisha patasi ikaanza, na baada ya mapigo machache ikanyamaza.

“Kuna nini?” Mwalimu akauliza.

“Mwalimu. Mzee alimalizia na mkono. Iko hapa. Kiganja na vidole.”

Niliacha kutazama fundo. Niliweza kumwona Mwalimu kupitia pembe ya nyumba, uso umeinuliwa, macho yamefinywa kwa jua. Nilidhani atasema ashuke. Nilidhani yote yameishia hapo, na nikaliona lile gari la Njoroge likipanda mlima.

“Inatoka?” akauliza.

“Nikipiga itapasuka.”

“Si utapiga pole pole, Kirui. Wewe si fundi?”

Ilimchukua asubuhi nzima iliyobaki. Alikata pembeni, akipuliza vumbi, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku mkali. Kilichotoka kizima kilikuwa sehemu tu: vidole vitatu na nusu ya kiganja. Alikiteremsha ndani ya ndoo kwa kamba, na Mwalimu akakipokea ndoo ikiwa bado inazunguka. Hakulia. Aliweka vidole vyake ndani ya vile vidole. Mkono wake ulikuwa mdogo, ulizama ndani. Akasimama hivyo mpaka mimi nikakumbuka kazi yangu nikarudi kwenye fundo.

Siku mbili zilizofuata Kirui alichonga mfereji mwembamba katika maungio ya mawe ya chimni, pande zote nne, akachomeka humo ukingo wa bati bapa, lile lisilo na mikunjo, akaliinamisha lilale juu ya mabati bila kufungwa nayo, ili bati liteleze linavyotaka. Mfereji akauziba kwa chokaa na mchanga. Upande wa juu wa paa, maji yanakotoka kwa kasi, alikunja bati kama mgongo wa punda ili yagawanyike kulia na kushoto. Juu ya mdomo wa chimni akaweka kofia ya bati yenye miguu minne, moshi upate kutoka kando na mvua isipate kuingia. Akamwaga ndoo tatu za maji paani. Mwalimu alikuwa ndani akitazama doa. Hakuna kilichoanguka. Tukangoja chokaa ikauke, kisha tukawasha moto mdogo wa vijiti na majani mabichi, Kirui akizunguka na mshumaa kando ya mawe ya ukuta, sebuleni na darini, kuona kama kuna ufa unaopumua. Mwali ulisimama wima kila mahali, ila mbele ya mahali pa moto, ambapo uliinama kuelekea ndani, kama mtu anayeingia kwenye mlango mfupi. “Inavuta,” akasema. Kabla ya kuondoka alitupa amri moja: jiko la makaa lisiingie tena ndani, na hata moto wa kuni ukiwaka, dirisha moja liachwe wazi upana wa vidole vinne. Mwalimu akamwekea chai. Alikunywa vikombe vitatu, akauliza kama sasa anaruhusiwa kukanyaga.

Moto wa kweli wa kwanza tuliuwasha wiki iliyofuata, magogo ya mtarakwa. Sijui kuieleza harufu ile. Nimeitafuta, nimewahi kununua kipande cha mtarakwa sokoni na kukichoma kwenye karai hapa Nakuru, na majirani wakaja kuuliza kuna nini, na haikuwa hiyo. Ukuta ulitoa mvuke. Doa la chai likafifia siku baada ya siku. Kiti kikaanza kurudi, hatua moja, hatua moja, mpaka miguu ya Mwalimu ikafika kwenye jiwe la mbele, soksi zikifuka. Na akaanza kunigombeza. Nikitoka kuchota maji, “Mlango!” Nikiingia na kuni, “Mlango, wewe, joto linatoka!” Hakuna aliyewahi kunigombeza kwa neno nililolipenda hivyo.

Njoroge alikuja mwezi wa saba kama alivyoahidi, na sanduku tupu. Nje kulikuwa na barafu nyembamba juu ya majani ya kabeji. Aliingia, akaambiwa afunge mlango, akafunga. Akatazama juu kwa mazoea. Akavua koti. Akala viazi na njahi akiwa amekaa mbele ya moto, akasinzia na sahani mapajani, na mamake akaichukua sahani bila kumwamsha, akanikonyeza. Alirudi Nakuru na sanduku limejaa viazi.

Mwalimu aliishi ndani ya nyumba ile mpaka mwisho. Mimi sikurudi hata mara moja akiwa hai. Nilimwahidi nitakuja mwezi wa saba, kisha ukawa mwezi wa saba mwingine, kisha ndoa, kisha watoto, na Molo si mbali, hapo ndipo aibu ilipo, Molo si mbali kabisa. Siku ya mazishi niliacha watu nje nikaingia sebuleni peke yangu, nikaweka mkono ukutani mahali palipokuwa na doa. Pakavu. Kwenye simu Njoroge alipouliza, nilimweleza habari za kiganja, kila kitu, naye akalia bila kujificha. Habari za gunia sikumwambia. Miaka yote hii ameamini kwamba mamake alianza kusahau mwaka ule, akamsemesha polepole kama mgonjwa, naye akavumilia kwa ajili yangu. Kwa hiyo nimeandika. Kesho nitampelekea haya asome kabla ya mtu mwingine yeyote.

Niliondoka mwezi wa kwanza, asubuhi, umande umeganda. Lori la viazi lililokuwa likishuka Nakuru lilikuwa limekubali kunibeba, na lilikuwa likipiga honi barabarani. Mwalimu alinipa viazi vitatu vya kuchoma vilivyofungwa ndani ya gazeti, nikavitia mfukoni, kila kimoja kama mnyama mdogo anayelala. Nilisimama mlangoni na sanduku langu la bati, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Nilitaka aseme kitu. Moto ulikuwa ukiwaka nyuma yake, na juu ya rafu ya mawe vidole vitatu vya simiti vilikuwa vyekundu kwa mwanga wake.

“Nitarudi mwezi wa saba,” nikasema, “tuote moto.”

“Utarudi ukirudi,” akasema. “Ingia au utoke, Nyambura, lakini usisimame hapo. Joto linatoka.”

Nikatoka. Nilikuwa sijafika hata ngazi ya pili ya veranda niliposikia mlango ukifungwa nyuma yangu, na komeo likianguka mahali pake.